Stan Lee na Bibi Harusi wa Lwanda Magere

Kila filamu mpya ya Marvel ikitoka, kuna msee mmoja Kisumu, awe dereva wa tuktuk ama kinyozi pale Kondele, atakayekukumbusha kwamba sisi tulikuwa na supahiro kabla ya hao Wazungu kujua kuchora. Atamtaja Lwanda Magere: mwili wa jiwe, mikuki inamgonga na kuanguka chini, jeshi zima linamkimbia mtu mmoja. Halafu atauliza: sasa mbona hatuna filamu yake?

Swali ni zuri. Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni pesa, kompyuta, serikali kutojali sanaa. Yote yana ukweli. Lakini nadhani kuna jibu lingine ambalo hatupendi kulisikia, na ili kulifikia inabidi tumsome kwa makini yule mzee ambaye tunapenda kusema tulimtangulia. Stan Lee ametuachia kipimo, na hadithi yetu tunayoipenda kuliko zote, tukiiweka kwenye kipimo hicho, inaonekana imesimuliwa nusu tu.

Tuanze na mzee mwenyewe. Stan Lee alizaliwa New York tarehe 28 Desemba 1922, akaitwa Stanley Lieber, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Romania. Aliingia kwenye kampuni ya komiki mwaka 1939 akiwa kijana wa kutumwa: kujaza wino, kuletea wakubwa chakula cha mchana. Kwa zaidi ya miaka 20 aliandika chochote kilichohitajika, mapenzi, kauboi, mazimwi. Alikuwa anakaribia miaka 40 mwaka 1961 wakati yeye na mchoraji Jack Kirby walipotoa toleo la kwanza la Fantastic Four. Mwaka uliofuata wakatoa Hulk, na Lee pamoja na Steve Ditko wakamtoa Spider-Man. Mwaka 1963 wakaja X-Men. Mwaka 1966, ndani ya toleo la 52 la Fantastic Four, akatokea mfalme wa nchi ya Afrika iitwayo Wakanda. Lee alifariki tarehe 12 Novemba 2018 akiwa na miaka 95.

Alibadilisha nini hasa? Nguvu za ajabu zilikuwepo tangu Superman mwaka 1938. Lee aliongeza shida za nyumbani. Peter Parker anapanda kuta lakini hana pesa, shangazi yake ni mgonjwa, na bosi anayenunua picha zake ndiye huyo huyo anayemchafulia jina gazetini. Mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba Nyalenda ama Manyatta, akisubiri malipo ya kibarua huku mwenye nyumba anabisha mlango, hahitaji kuelezwa kwa nini kijana huyo alipendwa. Nguvu zake hazilipi kodi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la haki. Tukisema "Stan Lee aliandika", tunasema nusu. Mara nyingi alimpa mchoraji muhtasari mfupi, au waliongea tu. Mchoraji akaenda kuchora hadithi nzima, akiamua nani anasimama wapi, nani anapigwa, nani analia. Kisha Lee akapokea kurasa zilizochorwa na kujaza maneno kwenye viputo. Kwa Mkenya hilo ni rahisi kulielewa, kwa sababu tuna DJ Afro. Picha ilipigwa na watu wengine mbali kabisa, lakini maneno yake yakiingia juu, filamu inakuwa nyingine, inakuwa yetu, na kuna watu ambao hawawezi tena kuitazama bila yeye. Ndivyo maneno ya Lee yalivyofanya kazi. Tofauti ni kwamba DJ Afro hadai alishika kamera. Kirby alilalamika kwa miaka mingi kwamba sifa zote zilimwendea mwenye maneno, na familia yake ilipelekana kortini na Marvel mpaka wakaelewana mwaka 2014. Kwa hiyo kwenye makala haya kila nikisema Lee, msikie na Kirby ndani yake.

Sasa turudi kwa watu wa jiwe, maana wako wawili.

Wa kwanza ni Ben Grimm wa Fantastic Four. Alikuwa rubani, akapanda roketi, akapigwa na miale ya angani, akarudi duniani akiwa na ngozi kama ya mwamba, rangi ya machungwa. Risasi hazimwingii. Watoto wanamkimbia barabarani. Jiwe lake liko nje, kila mtu analiona, na hawezi kulivua.

Wa pili ni wetu. Wengi mnaijua, lakini nitaisimulia kwa ufupi kwa sababu hoja yangu imejificha kwenye vipande vyake. Lwanda Magere alikuwa mpiganaji wa Kano, wa ukoo wa Sidho. Kwa Dholuo lwanda ni mwamba. Kila Wajaluo wa Kano walipopigana na Wanandi, yeye aliingia vitani akatoka bila alama mwilini. Wanandi wakachoka kuzika vijana wao. Wakaamua kumpa msichana mrembo awe mke wake, kwa jina la amani. Wazee wa Kano wakamwonya asimchukue. Akamchukua. Siku moja Magere akaugua, na dawa ilipaswa kupakwa kwenye chale. Mke mkubwa hakuwepo. Akamwita yule mdogo achukue wembe amchanje. Wembe ukagoma kwenye ngozi. Ndipo akamwambia: chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku msichana akatoroka kurudi kwao na siri. Vita vikarudi, na safari hii mkuki ukatupwa kwenye kivuli. Magere akaanguka, akageuka mwamba. Mwamba huo upo Kano mpaka leo, na inasemekana ukinoa mkuki juu yake, mawindo hayakukosi.

Mswahili wa Pwani akisikia hadithi hii atamkumbuka Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumweza mpaka mwanawe mwenyewe aliponunuliwa na adui, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Mtu wa kanisa atamkumbuka Samsoni. Shujaa asiyeweza kuuawa ana sehemu moja laini, na anayeijua sehemu hiyo analala nyumba moja naye. Mpaka hapo Kano, Pwani na Biblia wako sawa.

Lakini soma toleo la 8 la Fantastic Four, la Novemba 1962. Kuna jambazi anayetengeneza sanamu za udongo na kuwatawala watu kupitia sanamu hizo. Ana binti wa kambo, Alicia Masters, ambaye haoni. Jambazi anamvisha Alicia nguo za Sue Storm, kwa kuwa wamefanana, na kumwingiza kwenye makao ya mashujaa hao. Yaani: adui anamtuma msichana wa nyumbani kwake aingie katika nyumba ya mtu wa jiwe.

Umeona? Ni ile ile. Bahati tu, sidai Lee na Kirby walikuwa wamesikia habari za Kano. Hadithi za watu wenye nguvu huzunguka kwenye mitego ile ile. Cha maana ni walichofanya na huyo msichana. Walimpa jina. Walimpa kazi: yeye ni mchongaji, vidole vyake vinajua uso wa mtu kuliko macho yetu. Akamgusa Ben Grimm usoni, na chini ya jiwe akapata mtu mpole na mwenye huzuni. Mwisho wa toleo anasimama mwenyewe mbele ya baba yake wa kambo na kupambana naye. Aliamua. Hadithi ilimpa nafasi ya kuamua.

Na kwa sababu alipewa nafasi hiyo, hakuisha. Waandishi waliokuja baadaye walimrithi. Mnamo Desemba 2018, wiki chache baada ya Lee kufariki, Marvel ilitoa toleo ambalo Ben na Alicia wanafunga ndoa, miaka 56 baada ya yeye kuingia kwenye nyumba hiyo kama chombo cha adui. Ukiniuliza ushawishi wa mwandishi unaonekana wapi, nitakuelekeza hapo kabla ya fulana na mabegi ya shule yenye picha za Spider-Man. Aliacha watu ambao mtu mwingine angeweza kuendelea nao.

Sasa uliza: msichana wa Kinandi aliitwa nani?

Katika masimulizi mengi hana jina. Ni "msichana wa Lang'o", ni "yule mke mdogo". Tunajua alikuwa mrembo. Tunajua alitoroka. Hatujui alikuwa na miaka mingapi, kama alikubali kutumwa au alisukumwa, kama alikuwa na kaka aliyeuawa na huyo huyo mume wake. Hatujui alifikiria nini aliposhika wembe, na mtu ambaye kabila lake zima linamwogopa amelala mbele yake mgonjwa, anamwambia siri ambayo pengine hakumwambia mtu mwingine. Hatujui alipofika kwao walimpokea vipi. Hadithi inamtumia kama ufunguo: mlango ukifunguka, ufunguo unatupwa.

Naomba usome tena kipande cha wembe. Kwangu ndicho kipande kikubwa kuliko vita vyote. Magere hajarogwa wala kulewa. Ni mgonjwa, anataka nafuu, na aliyeko karibu ni mkewe. Siri inatoka kwa njia ya kawaida kabisa, jinsi siri hutoka kwenye nyumba yoyote. Na msichana, kwa dakika hizo, anamtibu. Anamchanja, damu inatoka, dawa inaingia. Kabla ya kumwuza alimhudumia. Masimulizi mengi yanaruka hapo haraka ili yafike kwenye mkuki, kama mtu anayesongesha video mbele.

Kuna atakayesema: wewe unasoma ngano ya wazee kwa macho ya komiki za Marekani, huo ni ukoloni mwingine. Hoja hiyo ina uzito. Hadithi ya Magere ina kazi yake tangu zamani: inawaonya vijana kuhusu kiburi na kuhusu kupuuza wazee, na inaomboleza. Ni hadithi ya watu waliopoteza ngao yao. Msimulizi wa Kano hakuwa na deni la kueleza upande wa adui, jinsi mama anayelilia mwanawe hana deni la kueleza upande wa aliyemuua.

Ila msimulizi huyo alikuwa anaongea na watoto waliozunguka moto wake. Sisi tunataka filamu, tunataka komiki, tunataka kitu kitakachotazamwa kwa simu kuanzia Dunga mpaka Kapsabet. Hadithi ikitoka nje ya boma inabadilika hata kama hakuna neno lililobadilishwa. Shuleni Muhoroni na Chemelil watoto wa Kijaluo na wa Kinandi wanakaa dawati moja. Ukiweka kwenye skrini shujaa wa jiwe, jina lake na ukoo wake vikitajwa, halafu upande wa pili uweke kabila zima lisilo na mtu mmoja mwenye jina, isipokuwa mwanamke mjanja anayetumwa kitandani, umetengeneza nini? Mtoto mmoja kwenye dawati hilo atatoka ametuna kifua. Mwingine atatoka akiwa mtoto wa wasaliti.

Na si jambo la kufikirika. Mwaka 1991 Okoiti Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia, alichapisha tamthilia yenye jina Lwanda Magere. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, mapigano yalianza kwenye shamba la Miteitei, mpakani mwa Nandi na Kisumu, Wajaluo wakafukuzwa na nyumba zao kuchomwa, na moto ukaenea sehemu nyingine za Bonde la Ufa na magharibi. Siilaumu tamthilia hata kidogo. Waliowasha moto ule walikuwa na sababu zao za siasa na ardhi. Ninachosema ni kwamba mpaka ambao Magere alipigania bado ni mpaka. Baada ya uchaguzi wa 2007 Kisumu yenyewe ilichomeka, watu wakauawa, na majirani wakaulizana lugha ya nyumbani kabla ya salamu. Hadithi ya zamani kuhusu nani hawezi kuaminiwa kama mke haijawahi kuwa ya zamani vya kutosha hapa kwetu.

Ndiyo maana namrudia Lee. Moja ya tabia zake bora ilikuwa kumpa adui sababu. Mwaka 1962, yeye na Kirby walipomrudisha Namor, mfalme wa baharini ambaye Bill Everett alimbuni mwaka 1939, walimfanya arudi kwao akute mji wake umevunjwa na majaribio ya mabomu ya watu wa nchi kavu. Anakuja kuipiga New York, na wewe msomaji unakwama, kwa sababu mtu huyu ana kesi. Hata Black Panther mwenyewe, kwenye ukurasa wake wa kwanza kabisa mwaka 1966, hakuingia kama rafiki. Aliwaalika Fantastic Four Wakanda, akawawinda mmoja mmoja. Baadaye ndipo unaelezwa kwamba baba yake aliuawa na mgeni aliyefuata madini ya nchi hiyo, na kwamba alikuwa anajipima kabla ya kulipiza kisasi. Shujaa mkubwa wa Kiafrika wa Marvel alianza kama mtu wa kuogopwa, na hadithi ikasubiri kidogo ili useme: kumbe.

Neno hilo "kumbe" ndilo linakosekana kwenye Magere jinsi tunavyomsimulia. Wanandi hawakumtuma msichana kwa sababu ni watu wa hila. Walimtuma kwa sababu kila msimu walikuwa wanazika. Ukiwa upande huo wa milima, Magere ni zimwi: kitu kisichokufa kinachoshuka na kuua watoto wa watu, na msichana mmoja anajitolea kuingia pangoni mwake. Huko ndiko Magere angekuwa jambazi na yeye stelingi. Kwenye vibanda vya video watoto hupiga kelele, "Stelingi hafi!" Kwenye hadithi hii stelingi mmoja anakufa, na mwingine tumesahau kumpa jina.

Wala Lee hakuwa malaika kwenye jambo hili. Sue Storm mwaka 1961 aliitwa Msichana Asiyeonekana, na nguvu yake yote ilikuwa hiyo: kutoonekana. Wanaume wanapigana, yeye anapotea, anatekwa, anaokolewa. Barua za wasomaji zikauliza huyu dada ana kazi gani humu. Mapema mwaka 1964 Lee na Kirby wakampa uwezo wa kujenga ngao zisizoonekana, na miaka ilivyosonga waandishi wengine wakamfanya kuwa labda mwenye nguvu kuliko wote wanne. Yaani hata pale Lee alipokosea, aliacha kitu kinachorekebishika. Toleo lijalo lilikuwa linakuja mwezi ujao, na msomaji aliyekasirika alikuwa na anwani ya kuandikia.

Ngano yetu inarekebishwaje? Zamani ilirekebishwa kila usiku, maana kila msimulizi aliongeza na kupunguza. Tatizo lilianza tulipoiandika mara moja kwa ajili ya vitabu vya shule, ikaganda. Sasa kila mtu anaijua kwa mpangilio mmoja: mwili wa jiwe, mke msaliti, mkuki, mwamba. Imekuwa kama jibu la mtihani.

Kisumu ina sababu ya pekee ya kulifikiria hili. Tarehe 13 Februari 2018, siku chache kabla ya Black Panther kufunguliwa Marekani, filamu hiyo ilionyeshwa hapa Kisumu kwa heshima kubwa, kwa sababu Lupita Nyong'o ni wa hapa. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa ndiye gavana. Watu walivaa vitenge na shanga, picha zikajaa mitandaoni. Tulisherehekea kwamba msichana wetu yuko Wakanda. Hatukuongea sana kuhusu anachofanya huko. Nakia ni jasusi. Kazi yake ni kutumwa nchi za watu, kuishi katikati yao kwa jina lisilo lake, na kubeba siri. Kwenye filamu anamtangulia mfalme kuona kwamba nchi yake imejifungia mno, na anagombana naye kuhusu hilo huku anampenda.

Nakia si kazi ya Lee. Alibuniwa na Christopher Priest na Mark Texeira mwaka 1998, na kwenye komiki aligeuka kuwa adui. Ryan Coogler na Joe Robert Cole ndio waliomwandikia njia nyingine kwenye filamu. Lakini mlango waliopitia ulifunguliwa miaka ya sitini: kwamba mwanamke aliyetumwa anaweza kuwa na moyo wake mwenyewe, na kwamba shujaa hapungukiwi kitu adui akipewa sauti. Usiku ule Kisumu ilimpigia makofi jasusi wa kike anayeingia nchi za wengine kwa ajili ya watu wake. Na mji huo huo, ukiulizwa kuhusu Magere, utakwambia tatizo lilikuwa yule mwanamke.

Hatuanzi kutoka sifuri. Terry Hirst, aliyeanzisha jarida la Joe na Hilary Ng'weno mwaka 1973, baadaye alitoa mfululizo wa Pichadithi, ngano za Kenya katika picha. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya Nairobi nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 2012, alituchorea Akokhan, uchawi na mapambano ya Kiafrika bila kuomba ruhusa ya New York. Mwaka 2010 ikaja Shujaaz, kwa Sheng, bure, na Boyie wake: kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri kutoka chumbani. Huyo ni binamu wa Peter Parker kabisa. Hana msuli wowote, ana shida na ana kitu cha kusema. Kati ya wote waliomjifunza Lee hapa kwetu, naona Shujaaz ndiyo iliyomwelewa vizuri, kwa sababu ilichukua ile kodi ya nyumba na kuacha kofia na joho.

Kwa hiyo wewe unayechora Magere usiku kwa kompyuta ya kuazima, na najua mpo kadhaa kando ya ziwa, nina maombi machache, kama msomaji atakayenunua.

Usimpe joho. Na usimfufue. Marvel haina mfu wa kudumu, kila anayezikwa anarudi filamu ikihitaji pesa. Uzito wa Magere uko kwenye kwamba alianguka na hakuinuka. Mwamba ukianza kutembea kwenye sehemu ya pili, umemuua mara mbili.

Andika majina ya waliokusimulia. Kama ni nyanya yako wa Ahero, awe ukurasa wa kwanza. Kama mwenzako ndiye amechora na wewe umejaza maneno, jina lake likae kando ya lako kwa ukubwa ule ule. Kesi ya Kirby ilichukua miaka mingi. Yenu mnaweza kuimaliza leo kwa chai na karatasi moja.

Panda milima. Nenda Nandi ukaulize wazee wa huko wanasimuliaje vita hivyo, na mtu wa jiwe kutoka tambarare anaitwaje upande wao. Labda wana jina la yule msichana. Labda hawana, nao pia walimtumia na kumsahau, na hilo litakuwa jibu zito pia. Ukirudi mikono mitupu, mbuni jina mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi uliyochagua.

Na ukifika kwenye wembe, punguza mwendo. Nataka ukurasa mzima, vyumba sita au tisa, bila kiputo hata kimoja. Mgonjwa kwenye ngozi ya ng'ombe, jua la alasiri likiingia mlangoni, kivuli chake kimelala ukutani. Mkono wa msichana unatetemeka. Wembe unagusa ukuta, na ukuta unatoa damu. Tuonyeshe uso wake hapo, wakati bado ni mke anayemtibu mumewe na njia ya kurudi kwao haijaingia kichwani mwake. Sijawahi kuuona uso huo popote, na nimeisikia hadithi hii tangu darasa la tatu.